Komanda wa Megahertz Kumi na Nne

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kitenge na hotuba. Kitenge nimeshakivaa, saa inakwenda mbele kidogo, na hotuba namwachia aliyeisoma. Lakini baada ya kula, ninyi vijana mnaotuma ripoti kwa kidole gumba mliniuliza zamani nilikuwa nafanya nini hasa, maana kwenye karatasi zangu imeandikwa "mratibu wa frekensi" na hakuna aliyeelewa. Nawaeleza hapa. Kazi yangu ilikuwa kuwaomba watu wasiongee wote kwa wakati mmoja. Katika Masisi na Walikale, mashariki ya Kongo, miaka ya vita, hiyo ilikuwa kazi ya mtu mzima.

Hamkuikuta foni. Ilikuwa redio ya kusema na kusikia, kubwa kama katoni ya sabuni, yenye batri ya gari chini ya meza na waya mrefu uliofungwa nje kati ya miti miwili. Sauti ilipanda, ikagonga anga, ikashuka upande wa pili wa milima. Kila kituo cha afya kilikuwa na foni, kila parokia, kila mfanyabiashara mwenye lori. Wote walitaka kuongea asubuhi, na wote walitaka frekensi ileile, njia moja ya hewani, kwa sababu ndiyo waliyoikuta pale walipofika.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Nyabiondo, watu wa maharage na mihogo. Kazi nilijifunzia dukani kwa Papa Kambale, Munande aliyetoka upande wa Butembo akafungua duka la chumvi, sabuni na misumari, akawa na malori yake. Siku ya kwanza aliniketisha mbele ya foni, akanivalisha visikilizio, kisha akaweka kipaza sauti kwenye mfuko wa koti lake.

"Leo unasikiliza tu," akasema.

"Mpaka wakati gani, Papa?"

"Mpaka ujue nani iko naongea mbele ajitaje."

Nilidhani ni siku moja. Ilikuwa msimu mzima wa maharage. Mwishoni nilimjua padri wa Burungu kwa kikohozi chake, na dereva aliyelala njiani kwa namna alivyoitaja mvua. Ndipo koti likafunguliwa.

Papa Kambale alikuwa na kitu kingine alichokipenda, ambacho mke wake alikiita "mke mdogo". Alikuwa amateri, yaani mmoja wa wale wanaoongea kwa redio na wenzao wa nchi za mbali bila kulipwa na bila kuuza kitu, kwa kupenda tu. Ruhusa yake ya serikali, ya tangu kabla ya vita, aliitundika ukutani kando ya picha ya Bikira Maria, na sikuwahi kumuuliza ipi ilikuwa juu. Duka likifungwa aliunganisha kompyuta kwenye foni. Redio ikatoa mluzi mwembamba, na maneno ya mtu wa Brazili yakajiandika kwenye kioo.

"Wengine wanaongea na mudomo, wengine na kompyuta," alinieleza. "Kompyuta iko na sauti ndogo. Mudomo ikiingia pale, inaiua. Njo maana kwa kila bendi waligawana, kipande hii ya kompyuta, kipande ile ya mudomo."

"Nani aliwagawia?"

"Walipatana wenyewe."

"Na mwenye kuvunja?"

"Wanamuomba atoke."

Nilicheka mpaka nikavua visikilizio. Kwetu sikuwa nimeona mtu akiombwa kutoka mahali, akatoka.

Namna nilivyopandishwa vyeo baadaye sitaandika, haina faida kwa mtu. Vita vilipokolea niliajiriwa kwenye mtandao wa afya, nikahamia Masisi mjini, kwenye chumba cha foni cha hospitali. Huko niliyakuta mashirika yenye magari meupe, na mashirika yalikuja na modemu.

Modemu ni kisanduku kinachokaa kati ya foni na kompyuta. Kinatuma ripoti ya dawa kwa sauti, na sauti yenyewe ni ya jogoo anayesukutua koo. Mtu anasikiliza kabla ya kuongea, au walau anaona aibu akikatiza. Modemu za wakati ule hazikuwa na masikio wala aibu. Zilipangiwa saa, zikaita. Kwa hiyo niliitisha mkutano wa kugawana frekensi, kama amateri. Asubuhi ya midomo, mchana wa modemu. Nilidhani tutamaliza kabla ya soda kupata moto. Kila shirika lilieleza kwa nini modemu yake haiwezi kungoja. Bwana mmoja alisimama akasema yake ni ya dharura. Nilimuuliza inatuma nini. Akasema inatuma ripoti ya hali ya magari. Tulikubaliana jioni, kwa sababu ya njaa. Na walikubali kweli: kwa miezi mingi jogoo hawakuwika asubuhi.

Halafu kituo cha shirika moja huko Walikale kikaporwa. Walichukua magodoro, madirisha, mbuzi wa mlinzi, na foni nzima pamoja na modemu, kompyuta na paneli za jua. Tulisikitika kwa barua, kama ilivyokuwa desturi.

Siku chache baadaye jogoo akaanza kuwika asubuhi.

Nilielewa haraka kilichotokea. Ilipong'olewa, kompyuta ilikuwa imepoteza saa. Haikujua tena ipi ni asubuhi na upi ni mchana. Mtu aliiunganisha na paneli, ikaamka, ikaanza kumwita mwenzake wa Goma. Goma walikuwa wamezima upande wao baada ya uporaji, kwa usalama. Na modemu isiyojibiwa haikati tamaa, inaita tena. Ilisimama mahali pa juu, milima mizuri kwa antene, na ikafunika Masisi yote mpaka Walikale.

Asubuhi moja katikati ya makelele hayo niliisikia sauti ya Kaka Safari, muganga wa kituo cha afya cha Nyabiondo.

"Masisi, Masisi, Nyabiondo iko naita. Niko na mama..."

Jogoo akaingia.

"Nyabiondo, rudilia."

"...tangu juzi, mutoto..."

Jogoo tena. Nilimjua Kaka Safari, mtu asiyepandisha sauti, na siku hiyo aliipandisha. Nilikimbia kwa daktari nikamwambia Nyabiondo kuna mama mzazi, gari liende. Gari lilikuwa moja. Njia ilikuwa na bariyeri za watu wenye silaha, na kulipitisha kulihitaji kuwaeleza wote gari linafuata nini. Daktari aliniuliza: ni kujifungua, ni kutoka damu, au wanaomba dawa tu? Sikujua. Akasema tungoje neno moja lisikike wazi. Halikusikika.

Walimleta kwa machela, mabegani, kwa njia za miguu. Aliitwa Mama Sifa, mke wa mkulima wa mlimani. Yeye alipona. Mtoto alikuwa amekufa njiani. Kaka Safari, aliyetembea nao mwendo wote, aliingia chumba cha foni na matope mpaka magotini, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Nilikuita," akasema.

"Nilisikia sauti yako."

"Sauti hailete gari, Mama Mapendo."

Nilizima redio, kitu ambacho sikuwahi kufanya asubuhi, nikaenda kumtafuta Papa Kambale.

Yeye alijua tayari mashine iko wapi. Madereva wake walimwambia kwamba kwenye shule moja ya mlimani, unapotoka Masisi kuingia Walikale, kuna komanda mwenye kitu kinachowika chenyewe, na watu wanatoka mbali kukiona. Komanda huyo aliitwa Mwalimu. Halikuwa jina la vita tu. Kweli alifundisha darasa la nne kabla ya kuona kwamba bunduki husikilizwa zaidi. Malori ya Papa Kambale yalipita kwake kila safari, kwa hiyo walifahamiana kama mtu anavyofahamiana na jino linalouma.

"Tutamwambia nini?" niliuliza.

"Tutamwomba atoke," alisema Papa Kambale.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Kwenye kila bariyeri waliuliza tunafuata nini. Papa Kambale, ambaye hakupenda kusema uongo bila sababu, alijibu kwamba tunafuata frekensi. Bariyeri ya kwanza walitupisha. Ya pili askari mmoja alishuka kwenye gogo.

"Mufungue sac, tuone hiyo frekensi."

Nikafungua mfuko. Mlikuwa na koleo, waya, mkate na sweta. Aliangalia, akachukua mkate.

"Hii iko sawa," akasema. "Mupite."

Shule ilikuwa ya mbao, na darasa la nne ndilo lilikuwa makao makuu. Ubao ulikuwa bado ukutani. Komanda Mwalimu aliketi kwenye meza yake ya zamani, mwembamba, kofia ya sufu kichwani. Kando yake, juu ya dawati, modemu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama kile mama zetu wanachoweka juu ya televisheni. Askari aliilinda kwa bunduki. Tulipoingia ikawika, na askari akarudi nyuma hatua moja.

"Wanasema iko naita ndege," komanda alituambia. "Mimi siamini. Lakini hakuna mwenye kukubali kuizima."

"Haiite ndege, komanda," nilisema. "Iko naita ofisi. Ofisi haijibu."

Alifikiri. Ni jambo alilolijua, nadhani. Walimu wa miaka ile walikuwa wameiandikia ofisi sana.

Nilimweleza yote: frekensi ni ya vituo vya afya, na kelele zake zinafunika wanaoita gari. Nilimwambia habari za Mama Sifa, bila kupunguza. Alisikiliza akiangalia ubao.

"Ile ni vita, mama," akasema mwishoni.

"Hapana. Ile ni modemu."

Papa Kambale alinikanyaga mguu. Komanda hakukasirika. Alisimama, akaweka mikono nyuma kama anayeanza somo.

"Hiyo frekensi tuliikuta, tukaikamata. Sisi terrain, ardhi yenye tulikamata, hatuiachi. Nikiiacha, kesho wale wa mlima ule wataikamata wao."

Nilitazama pembeni nikajiuliza ningefanya nini na mtu kama huyo. Haki ya vituo vya afya haikumhusu. Ruhusa ya serikali ingemfanya acheke. Nikakumbuka amateri na bendi zao za mbali.

"Hatukuombi uache," nilisema. "Tumekuja kukupa nyingine. Hii ni ya megahertz sita. Kuna ya kumi na nne."

Alinigeukia taratibu.

"Kumi na nne."

"Ndiyo."

"Jenerali iko na ngapi?" akauliza, akimaanisha mkubwa wake.

"Jenerali iko na saba," alisema Papa Kambale, na ilikuwa kweli.

Yaliyobaki yalikwenda kwa upole. Nilimweleza kwamba kwenye kumi na nne modemu haifai, ataongea mwenyewe kwa mdomo wake, na hilo lilimfurahisha kuliko yote. Sikumwambia kwamba sauti ya kumi na nne inapanda, inaruka Masisi, inaruka Kivu nzima na kushuka nchi za watu. Hakuuliza. Nilichomoa modemu, nikaiacha chini ya kitambaa chake kama alivyotaka. Kisha nikatoka nje kuufupisha waya wa antene, naye akanifuata kwa mashaka.

"Frekensi inakuwa kubwa, waya unakuwa mufupi?"

"Njo vile. Kadiri frekensi inapanda, waya inapungua."

"Kama jenerali," alisema. "Anapanda, kazi inapungua."

Asubuhi iliyofuata, frekensi ya sita ilikuwa kimya. Nilisikia wadudu wa anga tu, zile cheche ndogo zinazotoka kwenye mvua za mbali. Kabla ya wiki kwisha, kituo cha Bihambwe kiliita kwa ajili ya mama anayetoka damu. Kila neno lilisikika, gari likaenda, mama akarudi na mapacha. Kaka Safari alikuwa kwenye foni yake Nyabiondo, akisikiliza. Alibonyeza tu kipaza sauti mara moja na kukiachia, nikausikia mlio.

Ningemaliza hapa kama komanda angenyamaza. Lakini baada ya muda pikipiki ilikuja hospitalini na mtu mwenye bunduki aliyeniomba, kwa heshima ya ajabu, niende kwa komanda. Nilijua ameshagundua. Niliagana na wenzangu. Daktari alinipa paketi ya biskuti, nayo ilinitia hofu kuliko bunduki.

Nilimkuta kwenye meza yake, redio imewashwa, uso wa mtu aliyeaibika mbele ya darasa.

"Mama, ulinitia mu kiwanja ya watu," akasema.

Nikaweka biskuti juu ya dawati.

"Kuna muzee mu Bulaya. Ubelgiji. Ananisikia vizuri sana. Aliniambia: mheshimiwa mpendwa, pale uko naongea ni sehemu ya wale wa kompyuta, unawafunika. Tafadhali upande kidogo."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilipanda."

Aliniangalia kuona kama nitacheka. Jeshi lilikuwa limempiga kwa mabomu kwenye mlima ule misimu miwili, na hakusogea hata kufikia shamba la chini.

"Alisema tafadhali, mama. Kwa Kifaransa safi. Tangu nitoke darasani hakuna muntu aliniambia vile."

Mzee huyo, tuliyemwita Mzee Armand, alikuwa mstaafu wa reli, mjane, mwenye antene kubwa na muda mwingi. Alidhani anaongea na mwalimu wa shule ya kijijini. Komanda hakumdanganya; alimwambia tu anafundisha mlimani, na kwamba wanafunzi wake ni wagumu. Waliongea kuhusu mvua, mahindi, tarakimu za Kirumi. Mara moja milio ya bunduki ilisikika nyuma na Mzee Armand akauliza ni nini. Komanda akajibu kwamba ni mapumziko.

Aliniita kwa sababu mzee alikuwa amemuuliza indikatifu yake, lile jina la herufi na namba ambalo kila amateri hupewa na serikali ya nchi yake. Bila hilo, alisema mzee, wenzake wengi hawatamjibu. Komanda alitaka nimpe moja.

"Siwezi kutoa," nilimwambia. "Inatoka kwa serikali."

"Ipi?"

"Ile yenye uko napigana nayo."

Nje askari wake walikuwa wanachoma mahindi. Hatimaye aliuliza barua inaandikwaje, na nilimwambia. Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni, akitaja anwani ya shule. Papa Kambale aliipeleka Goma kwa lori lililokuwa limebeba viazi. Jibu lilikuja baada ya msimu. Ofisi ya mawasiliano ilimshukuru kwa ombi lake, ikamweleza kwamba faili halina picha za pasipoti wala cheti cha mwenendo mwema kilichosainiwa na msimamizi wa teritware, yaani wa wilaya. Msimamizi huyo komanda alikuwa amemfukuza kwa risasi, na nyumba yake ilikuwa imefanywa ghala la mbao. Nilipomsomea alisema ni kweli, faili halijakamilika.

Sitasema kwamba alitoka msituni kwa ajili ya redio. Mashirika matatu yaliandika kwamba alitoka kwa ajili yao, na jeshi likaandika kwamba lilimshinda. Ninachojua ni kwamba vijana wake walikuwa wamechoka na mahindi, kwamba wale wa mlima ule walikuwa wanakaribia, na kwamba siku moja alishuka na watu wake, wakaweka bunduki kwenye lundo, yeye akaomba redio isiwekwe kwenye lundo. Walimnyang'anya. Ilikuwa ya wizi, hata hivyo. Shirika lililoporwa lilirudishiwa redio yake, pamoja na modemu na kitambaa cha kudarizi.

Wengine waliingia jeshini, wakapewa vyeo. Yeye alikataa. Wapo mpaka leo watu wa vijiji vile wasiotaka kumsikia akitajwa, na siwezi kuwalaumu. Mama Sifa ni mmoja wao.

Nilimwona mara ya mwisho Goma, kwenye ile ofisi ya mawasiliano. Nilikuwa nimeenda kwa ruhusa ya mwaka ya mtandao wetu. Kulikuwa na benchi refu, na juu yake mfanyabiashara wa Butembo, mtawa mmoja, vijana wa redio ya mtaa na mimi. Komanda Mwalimu alikuwa amesimama dirishani. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Mkononi alikuwa na picha za pasipoti na cheti cha mwenendo mwema, chenye mihuri yote. Alikipataje, sikuuliza; aliyekisaini alikuwa msimamizi mpya.

Karani alipitia karatasi moja baada ya nyingine. Zilikuwa kamili. Akazirudisha.

"Ruhusa za amateri tumesimamisha, papa."

"Kwa sababu gani?"

"Vita."

Komanda aliegemea dirisha kidogo.

"Vita gani?"

"Hii ya kwenu kule," alisema karani bila kumtazama. "Mu Masisi, mu Walikale. Mpaka iishe, hatutoe indikatifu mupya kwa muntu yeyote wa mashariki."

Nilidhani atapiga meza. Niliona mikono yake ikirudi nyuma, kama ilivyofanya siku ile mbele ya ubao. Aliitazama mihuri.

"Na itaisha siku gani?" akauliza.

"Papa, mimi nitajua wapi?"

"Basi nitangojea," akasema.

Akageuka. Aliniona, akanisalimu kwa kichwa, kwa aibu kidogo. Mtawa akasogea, mfanyabiashara akasogea, mimi nikabeba mfuko wangu nikauweka magotini, na komanda akaketi kwenye benchi pamoja nasi.